Mizani kwanza, atomi baadaye: kufundisha maada kwa watoto wa Lamu

Mtoto wa gredi ya 9 anaweza kuchora atomi ya sodiamu bila kukosea: protoni 11, nyutroni 12, elektroni zimepangwa 2, 8, 1. Anapata alama zote. Muulize sasa kuhusu sahani ya maji iliyoanikwa juani hadi ikakauka: yale maji yako wapi? Mmoja atakwambia yameisha. Mwingine atasema yamegeuka hewa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyesoma zaidi, atasema yamevunjika yakawa haidrojeni na oksijeni. Wote watatu wamefaulu mtihani uleule.

Hili si la Lamu peke yake. Mwaka 1983 watafiti Osborne na Cosgrove walichapisha uchunguzi wao wa wanafunzi wa Nyuzilandi walioulizwa mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani. Kulikuwa na waliosema joto na waliosema hewa. Wakubwa, waliokwisha kufundishwa fomula ya maji, wengi wakasema ni haidrojeni na oksijeni. Masomo yaliongezeka, jibu likazidi kupotoka. Mwalimu anayeanza kazi Amu, Mokowe au Faza akilijua hili mapema atajiepusha na ule uchungu wa kusahihisha daftari mwisho wa muhula na kujiona hakufundisha kitu.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Tunakimbilia atomi kabla mtoto hajaamini mambo mawili madogo: kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuwa na uzito, na kwamba kitu kilichopotea machoni hakijapotea duniani. Asiyeamini hayo huzipokea atomi kama majina ya mitaa ya mji asioufikia. Atayakariri tu.

Mizani, basi. Mizani ya jikoni ya betri, inayosoma gramu 1 na kubeba hadi kilo 5, hupatikana kwa shilingi elfu moja na kitu. Hicho ndicho chombo cha ghali kuliko vyote katika kazi hii. Vingine ni bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, chupa tupu za soda, sukari, siki, mpira wa miguu na pampu yake. Gharama halisi ni vipindi. Kupima kunakula muda, na kipindi cha dakika 40 kinaisha watoto wakiwa ndiyo kwanza wameanza kubishana. Mwalimu mkuu atauliza kwa nini uko nyuma ya ratiba. Jiandae na jibu.

Tuanze na wadogo. Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kazi yao ya mwaka 1941, walionyesha kwamba mtoto anapoona donge la udongo likibonyezwa kuwa bapa, hukubali kiasi chake hakijabadilika akiwa na miaka 7 au 8, hukubali uzito haujabadilika kwenye miaka 9 au 10, na ujazo kwenye 11 au 12. Umri huo hausimami palepale kwa kila mtoto, lakini mfuatano wenyewe unafaa kukumbukwa, kwa sababu gredi ya 4 inakaa katikati kabisa ya suala la uzito. Darasa moja lina walioamini na wasioamini, na wasioamini hunyamaza.

Kanda unga wa chapati wa gramu 200, uviringe, upime, kisha usukume kuwa bapa, upime tena, ukatekate vipande, upime tena. Fanya yote juu ya karatasi moja iliyokaa kwenye mizani ili chembe zisianguke. Unga ukiachwa hadi kipindi cha pili hukauka na kupoteza gramu mbili tatu, na mtoto aliyesema umepungua ataondoka na ushindi asiostahili. Udongo wa mfinyanzi nao hukauka, ila polepole zaidi.

Halafu lipo jaribio la punje ya mchele, ambalo kwa maoni yetu lina thamani kuliko sura nzima ya kitabu. Weka punje moja kwenye mizani. Inasoma 0. Uliza: ina uzito? Darasa karibu zima litasema haina, kwani mizani imesema. Sasa weka punje 50: inasoma 1, pengine na zaidi kidogo kulingana na aina ya mchele. Nyamaza hapo. Usiwaambie. Waache wahangaike na swali la namna sifuri 50 zilivyozaa gramu moja. Mtoto anayekubali kwamba punje ina uzito mdogo usioonwa na mizani amepiga hatua ya kwanza kuelekea kwenye atomi, ingawa hajalisikia hilo neno. Kuna mtego mmoja tu: mizani nyingi za bei nafuu hujirudisha sifurini zenyewe zikiongezewa kitu kidogo kidogo. Ukidondosha punje moja moja, unaweza kufika 50 bado inasoma 0. Zihesabu pembeni, zitie kwenye kifuniko cha chupa, uziweke zote kwa mpigo.

Gredi ya 4 na ya 5 ni wakati wa sukari. Pima maji gramu 200 na sukari gramu 20, kila kimoja peke yake. Kabla ya kukoroga, kila mtoto aandike kwenye kikaratasi bila jina mizani itasoma ngapi baada ya sukari kumumunyika. Bila jina ni muhimu. Watoto wetu wana haya, na aliyechekwa mara moja hatasema tena analoliamini. Atakuwa anakutafutia jibu unalolitaka wewe. Ukikusanya vikaratasi utakuta 200 nyingi (“imebaki ladha tu”), 210 chache, na 220 chache zaidi. Koroga. Mizani inasoma 220. Mimina kwenye silinda ya kupimia na utaona ujazo ni kama mililita 212, si 200 wala 220. Namba hiyo ya 212 iweke akiba, utaihitaji gredi ya 7.

Makosa ya kawaida: kijiko cha kukorogea hutolewa na matone yake, na gramu mbili zinakwenda nacho. Kipime kijiko pamoja na glasi tangu mwanzo, kibaki humohumo.

Kwa maji ya bahari hatuna haja ya maelezo mengi, maana bahari iko mlangoni. Mililita 200 kwenye sufuria pana huacha chumvi ya gramu 7 hivi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35. Lakini chumvi ya bahari hunyonya unyevu wa hewa, hasa siku za kusi, na ukiipima baada ya kulala nje inaweza kuonekana nzito kuliko inavyopasa. Ikaange kidogo mpaka iache kupasukapasuka, kisha upime.

Chupa ya barafu ndiyo inayoleta ubishi mtamu zaidi. Gandisha maji mekundu, yaliyotiwa rangi ya chakula, kwenye chupa ya nusu lita, ifunge vizuri, ikaushe kwa kitambaa, iweke mezani. Baada ya dakika chache inatoka jasho. Muulize mtoto wa gredi ya 5, atakwambia maji yamepenya plastiki. Mwonyeshe matone ni meupe, atasema rangi imebaki ndani. Mtoto si mjinga, anaitetea hoja yake kwa werevu! Kinachomkata kauli ni mizani: kama maji yangekuwa yanatoka ndani kuja nje, uzito usingebadilika. Acha chupa juu ya mizani nusu saa katika hewa ya pwani, uzito utapanda gramu kadhaa. Hizo gramu zimetoka wapi? Hapo ndipo neno mvuke linapoanza kuwa na mwili. Hakikisha mizani haijizimi yenyewe katikati ya kazi. Ikijizima, andika namba kila dakika tano, huku ukiiondoa chupa na kuirudisha.

Gredi ya 6 ni hewa, na hapa vitabu vingi vinapotosha kwa nia njema. Jaribio linalopendwa ni maputo mawili kwenye ncha za kijiti, moja limejazwa na jingine tupu. Puto la lita 5 lina hewa ya gramu 6 hivi, ni kweli, lakini hewa ya nje nayo inalinyanyua kwa karibu kiasi hichohicho. Linalobaki ni sehemu ndogo ya gramu, na mizani ya gramu 1 haioni kitu. Watoto wanaona 0, wanathibitisha walichokiamini, na mwalimu anabaki akisema “lakini kitabu kinasema”. Tumia mpira wa miguu. Ujaze kwanza mpaka uwe duara kamili ila laini ukibonyezwa. Upime. Kisha piga pampu mara 20 hadi 30 uwe mgumu wa kuchezewa, upime tena: umeongezeka gramu 4 au 5. Siri ni kwamba umbo la nje halijakua, kwa hiyo hewa ya nje inaunyanyua vilevile kama mwanzo, na nyongeza yote inaonekana. Ukianza na mpira uliosinyaa utarudi kwenye tatizo la puto.

Baada ya hapo wapimeni chumba chenu. Darasa la mita 7 kwa 6 lenye kimo cha mita 3 ni mita 126 za ujazo. Hewa ya joto letu ina uzito wa kama kilo 1.15 kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni karibu kilo 145, yaani karibu mifuko mitatu ya saruji. Watoto hupiga kelele hapa, na waache.

Chembe, vile vipande vidogo mno visivyoonekana vinavyounda kila kitu, zije sasa, gredi ya 7, si kabla. Bomba la sindano ndilo mwalimu mkuu wa somo hili. Vuta hewa mpaka mililita 20, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma: mtoto mwenye nguvu anafika 10. Rudia kwa maji: halisogei. (Likisogea, kuna kipovu ndani, lielekeze juu, ligonge, litoe.) Kisha kila mmoja achore hewa iliyomo kwenye bomba kabla na baada ya kusukuma, kana kwamba ana macho yanayoona kitu kidogo kabisa. Mchoro kwanza, maelezo yako baadaye. Ukieleza kwanza watachora ulichosema.

Michoro hiyo itunzeni. Ukiipanga kwa gredi utaona safari yenyewe. Wa mwanzo hupaka rangi bomba zima, hewa ni kitu kimoja kisicho na mapengo. Baadaye huchora nukta ndani ya ile rangi, kama zabibu ndani ya mkate: chembe ni kitu kinachoelea ndani ya hewa, nayo hewa yenyewe bado ipo kando. Kisha rangi inatoweka, zinabaki nukta, lakini baada ya kusukuma nukta zimekuwa ndogo au zimelundikana chini. Mwisho kabisa nukta ni zilezile, idadi ileile, zimekaribiana, na katikati yao hakuna kitu. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Joseph Nussbaum na Shimshon Novick walilichunguza jambo hili miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakakuta kwamba wazo la utupu kati ya chembe linawashinda hata wengi waliofika chuo kikuu. Uliza darasani kwako: kati ya chembe za hewa kuna nini? “Hewa.” Jibu hilo utalipata kila mwaka.

Usilikemee. Lirudishe kwenye bomba: kama katikati kumejaa hewa, chembe zimesogea kwenda wapi uliposukuma? Na ile hewa ya katikati imeundwa na nini? Kisha toa ile namba ya akiba, mililita 212. Maji 200 na sukari 20, lakini ujazo haukupanda 20, ilhali uzito ulipanda kamili. Ukiweza kupata ethanoli safi kutoka maabara ya sekondari, changanya mililita 50 na maji mililita 50: jumla ni kama 96 au 97, wala si 100. Spiriti ya dukani nayo inapunguza, ila kidogo zaidi maana tayari ina maji. Gramu hazipungui hata moja.

Mwendo wa chembe ufundishe kwa halud, yale mafuta ya manukato. Funga madirisha, tia tone moja kwenye pamba mbele ya darasa, kila mtoto anyanyue mkono harufu inapomfikia. Udi wa kuchoma haufai kwa kazi hii, kwa sababu moshi unaonekana na watoto wanaamini moshi ndio unaobeba kila kitu.

Sasa yale mapovu. Mtoto anayesema mapovu ya birika ni hewa hajakosea yote: vipovu vidogo vinavyoshika kuta maji yakiwa bado na uvuguvugu ni hewa iliyokuwa imemumunyika. Makubwa yanayopanda maji yakichemka ni maji yenyewe katika hali ya gesi. Hayo ni mambo mawili, na ukiyafundisha kama moja utawachanganya. Ili waone kiowevu kikigeuka gesi pasipo hewa, tia mililita 2 za spiriti kwenye mfuko wa plastiki mzito, toa hewa yote kwa kuukunja kutoka chini, funga kwa nguvu, weka kwenye beseni, mwagia maji yaliyotoka kuchemka. Mfuko unavimba karibu lita nzima. Mwagia maji baridi, unasinyaa, na matone yale yanarudi. Moto wowote uwe mbali, jiko lililochemsha maji libaki nje ya darasa, na mfuko usifunguliwe ukiwa umevimba. Hakuna kilichovunjika: chembe zilezile zimeachana, kisha zimerudiana.

Atomi zinaanza kuhitajika pale tu chembe zenyewe zinapobadilika, na kwa hilo Lamu ina mfano ambao vitabu vya Nairobi havina. Mji wa kale, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na chokaa hiyo ilitokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa kwenye tanuu. Muulize mtoto jiwe limefanywa nini humo: “Moto umelila.” Jiwe safi la gramu 100, likichomwa kwenye nyuzi 900 hivi, linaacha chokaa ya gramu 56. Gramu 44 zimetoka kama kaboni dioksaidi. Chokaa ikinyweshwa maji inachukua gramu 18, inakuwa 74 na kutoa joto kali. Ikishapakwa ukutani inaanza kuvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, gramu 44 zilezile, huku ikiachia maji gramu 18, na polepole inarudi kuwa jiwe la gramu 100. Mtoto aliyepima mpira gredi ya 6 hashangai kusikia gesi ina gramu 44. Ambaye hakupima ataona mwalimu anacheza na namba.

Kuchoma chokaa darasani hapana, na chokaa mbichi isiguswe na watoto, inaharibu macho. Chukua chupa ya soda ya lita 2, tia siki mililita 60, funga gramu 4 za bikaboneti (baking soda) kwenye karatasi ya shashi, zidondoshe ndani na ufunge kifuniko haraka. Pima chupa pamoja na karatasi na kifuniko kabla, pima baada ya povu kutulia: sawasawa. Legeza kifuniko taratibu, gesi itoke, pima tena: imepungua gramu 1 au 2. Chupa nyembamba ya maji usiitumie, na gramu 4 usizizidishe, shinikizo litapanda. Pete ya mpira iliyokosekana kwenye kifuniko ndiyo inayoharibu jaribio hili mara nyingi. Jaribu kifuniko kwanza kwa kuzamisha chupa tupu iliyofungwa na kuibonyeza ndani ya maji.

Hapo ndipo pa kumtaja John Dalton, mwanasayansi wa nadharia ya atomi, na kitabu chake cha mwaka 1808. Dalton hakuona atomi, alifanya hesabu za uzito. Na hata baada yake wakubwa walikataa: mwanakemia Wilhelm Ostwald hakuzikubali mpaka vipimo vya akina Jean Perrin, vilivyochapishwa kuanzia 1908, vikamlazimisha. Mtoto wa gredi ya 9 anayesita yuko pamoja na watu wazito.

Jihadhari na kosa moja linalozaliwa na mafanikio. Mtoto akishakubali atomi, huipa tabia zote za kitu kikubwa. Atomi ya shaba ni nyekundu, ya dhahabu inang'aa, ya barafu ni baridi, ya maji imelowa. Ruth Ben-Zvi na wenzake walilieleza hili mwaka 1986 kwa wanafunzi wa Israeli walioulizwa kuhusu atomi ya shaba. Picha za vitabu zinachangia, maana oksijeni hupakwa nyekundu na kaboni nyeusi. Wachoreeni kwa penseli tupu kwa muda. Uliza: atomi moja inaweza kuyeyuka? Ubishi ukipoa, waelezeni kwamba kuyeyuka ni habari ya wengi walioshikana kulegeza mshiko, na mmoja peke yake hana wa kushikana naye.

Ukubwa nao uwe wa hesabu, si wa “ndogo sana”. Matone 20 hufanya mililita 1. Tone moja lina molekuli za maji kama 1.7 × 10²¹. Watu bilioni 8 wakigawana kuzihesabu, kila mtu moja kwa sekunde, usiku na mchana, watamaliza baada ya miaka zaidi ya 6,000. Wape waifanye wenyewe kwa kikokotoo, ni dakika kumi za kazi. Kazi ya nyumbani iwe fupi. Wengi wakitoka shule wanakwenda chuo cha Kurani, na wakirudi ni magharibi.

Elektroni na mpangilio wake vifundishwe kama silabasi inavyotaka. Mtihani unavidai, na kuvikariri si kazi. Ila swali la sahani ya maji iliyokauka liulizwe tena mwishoni mwa gredi ya 9, kwa mchoro, bila alama, na michoro ya gredi ya 7 iwe mezani. Anayechora nukta zilezile, idadi ileile, zikiwa zimetawanyika nje ya sahani, yuko tayari kwa moli, kile kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe kwa uzito wao. Huko sekondari pevu atakuta gramu 100 za jiwe la chokaa ni moli moja, gramu 44 za gesi ni moli moja, gramu 18 za maji ni moli moja, na namba hizo anazifahamu tayari kutoka tanuuni.